Kabla ya Kufuta Chochote Kwenye Diski C

Tangu laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, na nguzo ndogo zikaendelea kupanda na kushuka milima ya Umatengo zikivifuata vijiji kimoja baada ya kingine, kompyuta, ambayo kwa wazee wetu ilikuwa chombo cha ofisi za wilaya na cha misheni zenye mitambo yao wenyewe ya umeme, imekuwa kitu cha kawaida hata mbali na mji. Mtu afikaye Maguu leo, akitoka Mbinga mjini kwa bodaboda au kwa gari la abiria, atayakuta mashamba ya kahawa yakiteremka mpaka mabondeni, atazikuta ngoro ambazo Wamatengo wamezichimba tangu zama za babu zao ili mvua isiwachukulie udongo, na baina ya hayo atakikuta chumba kimoja chenye neno "Stationery" mlangoni kwa rangi ya mafuta, ndani yake mashine ya kutoa nakala, printa, na kompyuta moja isiyopumzika. Karani wa chama cha msingi cha wakulima anayo yake ya kuandikia kilo za kahawa. Mwalimu mkuu anayo ya kuingizia majina ya wanafunzi katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Zahanati nayo haikosi. Na katika vyombo hivyo vyote, viwe mali ya umma au mali ya mtu binafsi, maradhi yanayosumbua zaidi kuliko virusi ni yale yale: ule mstari mwekundu chini ya jina la diski C.

Maradhi haya hayaji kwa kishindo. Kwanza kompyuta huchelewa kuwaka, kisha huwa nzito kila zinapofunguliwa hati mbili pamoja, kisha masasisho, au apdeti kama vijana wasemavyo, hukwama katikati ya njia na kesho yake kuanza upya, na hatimaye, aghalabu katika mwezi wa Julai au Agosti wakati kahawa imeshuka kwa wingi na foleni ya wakulima imeizunguka mizani, karani hubonyeza kitufe cha kuhifadhi na Excel ikamjibu kwamba nafasi haitoshi. Hapo ndipo hasara huzaliwa, kwani mtu aliyeharakishwa na watu waliosimama mbele yake hana subira ya kuchagua. Hufuta kilicho karibu na mkono. Hufuta picha za mkutano mkuu wa chama, hufuta daftari la msimu wa mwaka juzi kwa hoja kwamba msimu ule umekwisha, hufuta barua alizozipiga chapa mwenyewe, na akiutazama tena ule mstari auona mwekundu vile vile.

Sababu yake ni hii, nayo ndiyo muradi wa makala haya: katika diski C, kilicho chako ni kidogo na kilicho cha mashine ni kikubwa, ilhali macho ya mwenye kompyuta huona kilicho chake peke yake. Daftari la Excel la wakulima elfu moja, lenye majina yao, namba zao, kilo walizoleta na fedha walizolipwa, kwa kawaida halifiki MB 1. Muhtasari wa kikao uliopigwa chapa bila picha ni mdogo kuliko hapo. Na hata mtu akiandika kila siku ya kazi kwa muda wa miaka kumi, maandishi yake matupu hayataijaza GB 1. Kwa upande wa pili, folda iitwayo Windows.old, ambayo mashine hujiwekea yenyewe kila inapohamia toleo jipya kubwa ili ipate njia ya kurudi nyuma pakitokea hitilafu, yaweza kuchukua GB 20 au zaidi, na mwenye kompyuta asijue kama ipo. Anayefuta daftari ili apate nafasi hutoa kisichorudishika ili apate kisichomtosha.

Nitoe mfano wa karibu. Katika steshenari moja ya upande huu wa wilaya, kompyuta ni ya mtumba, imara bado, yenye diski iliyoandikwa GB 500. Windows huisoma kuwa 465, jambo ambalo huwafanya wanunuzi wengi wamdhanie muuzaji kuwa ni mlaghai. Lakini hakuna aliyeibiwa, maana kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ndogo ikizidishwa mara nyingi huwa kubwa. Katika hizo 465, C ilikuwa imegawiwa 60 tu, na zilizobaki wazi hazikufika GB 1. D ilikuwa na 405, na zilizotumika hazikufika 90, nazo zilikuwa ni filamu za Kihindi zilizotafsiriwa kwa sauti, nyimbo za kwaya, na video za harusi mbili. Mwenye duka alikwisha kufuta kazi za wateja wake za mwaka mzima, akapata nafuu ya siku chache, na sasa alikuwa akimngoja fundi kutoka mjini aje "kupiga Window".

Kupiga Window, kwa msomaji asiyezoea maneno ya mafundi, ni kuifuta diski C yote na kuiweka Windows upya. Si tiba mbaya kwa kompyuta iliyoharibika; lakini kwa kompyuta iliyojaa tu ni tiba ghali, na hatari yake imejificha katika swali moja ambalo fundi huliuliza kwa nia njema kabisa: "Una kitu cha maana kwenye C?" Mwenye kompyuta, kwa yakini yote, hujibu kwamba hana, kazi zake ziko Desktop, au ziko Documents. Hajui kwamba Desktop ni folda ndani ya C, na Documents ni folda ndani ya C, na Downloads na Pictures kadhalika, ila kama mtu alizihamisha kwa makusudi. Fundi naye, akiwa na kompyuta nyingine tatu zinazomsubiri, hutia flashi yake na kuanza kazi. Wangapi wamepoteza orodha za wanachama na matokeo ya mitihani kwa jibu hilo moja! Na baada ya hasara hiyo yote, maadamu mgawanyo wa diski haukubadilishwa, zile GB 60 hujaa tena kabla ya msimu mwingine wa kahawa.

Yafaa basi kufahamu C na D ni nini. Katika kompyuta nyingi za huku si diski mbili, bali ni shamba moja lililowekewa mpaka katikati. Fundi ndiye aliyeuweka, na aliuweka kwa kufuata desturi aliyoirithi kwa mwalimu wake, wakati Windows ilipokuwa ndogo. Herufi zenyewe zina historia. A na B zilikuwa za visahani laini vya sumaku, ambavyo vijana wa leo huviona tu katika ile alama ya kuhifadhi. Diski ya ndani ilipokuja ikakuta herufi mbili za kwanza zimekwisha kuchukuliwa, ikapewa C. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1983 iliyoitwa XT ilitoka kiwandani na diski ya MB 10, na watu waliiona ni utajiri. Kabla ya hapo, mwaka 1956, kampuni hiyo hiyo ilitoa mashine ya kwanza ya kuuza yenye diski ya sumaku: sahani 50 zenye upana wa inchi 24, uzito wa zaidi ya tani moja, na ndani yake nafasi ya herufi milioni tano, ambayo leo haitoshi picha mbili za simu nzuri.

Nafasi ilipokuwa adimu, waandishi wa programu walikuwa na ubahili wa kupigiwa mfano. Walifika hata kuondoa tarakimu mbili za mwanzo wa kila mwaka, wakaandika 74 badala ya 1974, na dunia nzima ikaja kulipa gharama ya akiba hiyo ilipokaribia mwaka 2000. (Nautaja mwaka 1974 kwa sababu ndio mwaka ambao serikali ya Tanzania, baada ya kuchoshwa na gharama za mtambo wa kompyuta wa Hazina, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ndiyo maana wengi wa wazee wetu makarani walistaafu bila kuwahi kuigusa.) Wingi ulipokuja, ubahili ukatupwa. Windows 95 ilitosheka na takriban MB 50. Windows XP ya mwaka 2001 ikataka GB 1 na nusu. Windows 10, tangu toleo la mwaka 2019, imetakiwa kuwa na GB 32. Na Windows 11 hutaka 64. Tena hicho ni kima cha chini kabisa, kabla mtu hajaandika herufi yake ya kwanza. Basi yule aliyepewa C ya GB 60 hakukosea lolote katika matumizi yake. Kwa kipimo cha Windows 11, alipewa chumba kidogo kuliko mgeni aliyekuja kulala ndani yake.

Hapa niseme bila kuficha kwamba siwaonei huruma watengenezaji. Chombo hiki kilibuniwa na watu ambao intaneti kwao hutiririka usiku na mchana bila kupimwa, na ambao diski ikijaa hununua nyingine siku hiyo hiyo. Kwa mtu wa Maguu, anayeweka bando kwa kuhesabu shilingi na kusogea dirishani kuitafuta mitandao, tabia ya mashine ya kujiteremshia masasisho ya GB kadhaa bila kuomba ruhusa ni dhuluma maradufu, kwani humlia bando na humlia nafasi. Dawa ya nusu ya dhuluma hiyo ipo, na haichukui dakika: katika mipangilio ya mtandao, ile WiFi itokayo kwenye simu yako itangazwe kuwa ni "metered connection", nayo Windows, ikijua kwamba unalipa kwa kipimo, itapunguza sana pupa yake. Masasisho ya usalama yasiachwe kabisa, la hasha. Yachaguliwe siku yake, penye mtandao wa bei nafuu.

Sasa tuje kwenye kusafisha kwenyewe. Kanuni ya kwanza ni kutazama kabla ya kugusa. Fungua Settings, kisha System, kisha Storage, uiache mashine ihesabu. Baada ya muda itakuonyesha nani amechukua nini, na hapo, mara nyingi, mtu hushangaa kuona kwamba hati zake zimo katika mstari mdogo kabisa wa chini. Sehemu iitwayo Temporary files ndiyo ya kuanzia. Humo mna mabaki ya programu zilizokwisha kazi yake, mna mabaki ya masasisho, mna vijipicha ambavyo mashine huvitengeneza ili folda zifunguke upesi, na mna lile pipa la taka, Recycle Bin, ambalo watu wengi hawajui kwamba linahesabiwa: faili uliyoifuta jana bado imo ndani ya diski kwa ukubwa wake wote mpaka pipa limwagwe. Karani aliyefuta picha mia tatu na kuona mstari haukubadilika hakurogwa. Picha zake zimehama chumba tu. Na hili lina faraja yake, maana aliyefuta kwa pupa anaweza bado kuzirudisha.

Kuna na programu ya zamani iitwayo Disk Cleanup, iliyokuja na Windows 98 na ambayo bado ina watu wake. Siri yake ni kitufe kimoja ambacho wengi hawakibonyezi, "Clean up system files". Bila hicho huokota makombo, na kwa hicho hufikia mabaki ya masasisho na ile Windows.old niliyoitaja. Windows.old, kwa kawaida, huondolewa na mashine yenyewe siku kumi baada ya kuhamia toleo jipya. Ikibaki, kwa sababu yoyote, iondolewe kwa njia hii wala si kwa kuivamia kwa kitufe cha Delete, ambapo itakataa na kukupotezea mchana. Ila, kabla hujaiondoa, chungulia ndani yake kwenye folda ya Users: fundi aliyeiweka Windows upya bila kuifuta C kwanza huenda ameyaacha humo humo yale madaftari unayoyalilia.

Nitahadharishe juu ya kisanduku kimoja. Katika ile orodha ya Temporary files ndani ya Storage, Downloads nayo hujitokeza miongoni mwa takataka, kana kwamba kila kilichoteremshwa ni cha kutupwa. Mwaka 2018 iliingizwa hata katika Disk Cleanup, na watu waliozoea kutia alama kila kisanduku walifuta vitu vyao kwa mkono wao wenyewe. Mwaka 2020 ikaondolewa huko, lakini katika Storage ipo bado. Isiwekewe alama bila kufunguliwa kwanza na kutazamwa.

Juu ya Downloads za steshenari nina neno zaidi, kwa kuwa jambo hili linapita uhaba wa nafasi. Fungua folda hiyo katika kompyuta yoyote ya duka la kuchapia, Maguu, Mbamba Bay au Mbinga mjini, na utakuta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, matokeo ya kidato cha nne, picha za pasipoti, fomu za mkopo za HESLB za watoto waliokwisha kwenda vyuoni, barua za maombi ya kazi za watu waliokwisha ajiriwa, na nyaraka hizo hizo tena na tena, kwa maana kila mteja aliyerudi kutoa nakala aliteremsha upya, ikaandikwa (1), kisha (2), kisha (3). Hati moja iliyopigwa skani kwa rangi na kwa ubora wa juu yaweza kuzidi MB 10. Zikikusanyika elfu chache huwa mzigo wa kweli. Lakini uzito wake mwingine hauhesabiwi kwa GB. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwenye duka anayeweka vitambulisho vya majirani zake katika kompyuta isiyo na nywila, inayotumiwa na kila apitaye, anabeba dhima asiyoijua. Afute kazi ya mteja mbele ya mteja, baada ya mteja kuthibitisha kwamba ameipata katika simu au flashi yake. Hilo litampa nafasi na litampa heshima pia.

Zipo faili mbili kubwa ambazo mafundi wa mtaani hupenda kuzishambulia. Ya kwanza ni hiberfil.sys, ambamo mashine huyaandika yote yaliyomo katika kumbukumbu yake, yaani RAM, inapolala usingizi mzito. Ukubwa wake kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM, hata kompyuta yenye RAM ya GB 8 hutoa GB 3 na zaidi kwa ajili yake. Amri ya powercfg /h off, ikiandikwa kwa mamlaka ya msimamizi, huiondoa papo hapo. Je, iondolewe? Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, sioni hasara kubwa, ila itachelewa kidogo kuwaka. Umeme ukikatika ghafla haipati hata nafasi ya kulala. Kwa laptopu, katika mahali ambapo umeme hukatika mvua ikianza kunyesha, mimi ningeiacha, kwa kuwa ndiyo inayookoa kazi yako betri inapokwisha ukiwa umekwenda kula. Ya pili ni pagefile.sys, tegemeo la mashine pale RAM inapoelemewa. Hii isiondolewe, hasa kwa kompyuta za RAM ya GB 4, ambazo bila hiyo zitaanguka. Ikibidi, ihamishiwe D.

Wala usiiguse kwa mkono folda ya WinSxS, ambayo humtisha kila aipimaye kwa ukubwa wake. Sehemu ya ukubwa huo ni kiini macho, kwa kuwa faili zile zile huhesabiwa mara mbili, huku na katika folda nyingine za Windows, ilhali katika diski zipo mara moja tu. Folda ya Installer iliyomo ndani ya Windows nayo iachwe: aliyeifuta hatapata taabu leo, ila siku atakapotaka kuiondoa au kuisasisha programu, mashine itamwuliza kitu ambacho hakipo tena.

Na wale wanaonunua wepesi kwa kuteremsha programu za kusafisha kutoka kila pembe ya mtandao, wakumbuke yaliyoipata CCleaner, ambayo ilikuwa mashuhuri kuliko zote: mwaka 2017 wadukuzi walipenya katika kampuni iliyoitengeneza, wakapachika programu haramu ndani ya toleo halali, na watu zaidi ya milioni mbili wakaiweka wenyewe katika kompyuta zao wakidhani wanazisafisha. Ikiwa hayo yaliipata kampuni yenye jina, sembuse kile kijiprogramu chenye kung'aa kilichokuja na tangazo?

Hata hivyo, kwa mwenye C ndogo na D kubwa, kusafisha ni nafuu ya muda. Uponyaji ni kuhama. Bonyeza folda ya Documents kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Location, ukaitengenezee makao katika D, ukabonyeza Move. Mashine ikikuuliza kama faili zote zihamishwe kutoka makao ya zamani kwenda mapya, jibu ndiyo. Fanya hivyo kwa Downloads, kwa Pictures, kwa Desktop pia. Tangu siku hiyo utahifadhi vilevile ulivyozoea, majina yale yale, na kitakachojaa ni D; na fundi akija kupiga Window, kazi zako zitakuwa upande wa pili wa mpaka.

Lile jibu la ndiyo lisipuuzwe. Oktoba 2018, Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, na katika siku chache ikalazimika kulisimamisha, kwa sababu watu walikuwa wakiamka na kukuta hati zao zimetoweka. Uchunguzi ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopatwa walikuwamo watu waliokwisha kuhamisha makao ya folda zao lakini wakaacha faili katika makao ya zamani. Sasisho lile likayaona makao ya zamani kuwa hayana kazi tena, likayafuta pamoja na vilivyokuwamo. Lilirudishwa katikati ya Novemba likiwa limerekebishwa. Kwa hiyo anayehama na ahame na mizigo yake yote, na kabla ya kuhama aweke nakala ya vile visivyorudishika mahali pawili, diski ya nje kwanza na flashi baadaye, wala asiitegemee flashi moja iliyozunguka kila ofisi ya kata ikikusanya virusi.

Mpaka wenyewe nao waweza kusogezwa, lakini hiyo si kazi ya kujifunzia juu ya kompyuta yenye hesabu za chama. Chombo cha Windows kiitwacho Disk Management hukubali kuirefusha C ikiwa tu nafasi tupu ipo mara baada yake. Kwa kuwa D ndiyo iliyokaa hapo, yapasa kwanza D iondolewe na vyote vilivyomo, na asiye na pa kuvihifadhi kwa muda asianze. Ndiyo maana wakati mzuri wa kusogeza mpaka ni siku ile ile fundi anapopiga Window, D ikiwa imekwisha kutolewa nakala.

Na siku hiyo iko karibu kwa wengi, kwani Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zitapigwa Window kwa sababu hiyo zikipenda zisipende. Basi wewe karani, wewe mwalimu mkuu, na wewe mwenye steshenari uliyepokea malipo ya kahawa na kwenda mjini kutafuta mashine, zungumza na fundi kabla hajaitia flashi yake. Mwambie kwamba kwa diski ya GB 500, C ipewe 150 au zaidi. Kwamba Documents, Desktop na Downloads ziwekwe D mbele ya macho yako. Na kwamba hutatoa shilingi ya mwisho mpaka ufungue mwenyewe daftari lako la mwaka jana na kulisoma.